Laptopu Isipoiona Waifai Yake: Maliza Nyumbani Kabla ya Kupanda Gari

Laptopu ikiharibika huku kwetu Kinna, gharama ya kwanza ni safari. Mafundi walio wengi wako Maua, juu kwenye milima ya Nyambene, au Isiolo mjini, na kabla fundi hajashika bisibisi umeshalipa nauli, umekula hotelini, na pengine umelala kwa jamaa. Kazi nayo haikungoji. Mwanafunzi anatakiwa achague kozi kwenye tovuti ya KUCCPS na aombe mkopo wa HELB. Shule inasajili watahiniwa wa KNEC. Mfanyabiashara wa mifugo mwenye PIN anapaswa kuwasilisha ritani ya KRA kabla Juni 30 haijapita. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na leseni ya udereva vimehamia eCitizen.

Kwa hiyo leo nachukua tatizo moja tu na kulifuata hadi mwisho. Laptopu inawaka vizuri, unaandika, unasoma faili zako, lakini alama ya waifai imetoweka. Ukifungua mipangilio ya mtandao hukuti hata mahali pa kuiwasha. Imebaki Ethernet na ile alama ya ndege. Mashine inajibu kana kwamba haikuundwa na waifai kabisa.

Msimamo wangu ni huu: usinunue chochote, usifungue skrubu hata moja, na usimruhusu mtu akuwekee Windows upya kabla hujajua kama kompyuta inaiona kadi yake ya waifai. Wako watu waliofutiwa kazi ya miaka mingi kwa sababu ya swichi iliyokuwa imezimwa.

Anza kwa kuutenga ugonjwa huu na jamaa zake wawili. Kuna laptopu inayoiona kadi yake lakini haioni mtandao unaoutaka. Kuna inayoona mtandao, ikajiunga, lakini kurasa hazifunguki. Hizo mbili kadi zake ni nzima, na ukizipeleka kwa fundi ukidai kadi imekufa, unaweza kuuziwa kadi usiyoihitaji. Ile ya kwanza huwapata sana watu wa hotspoti: simu mpya inarusha waifai kwenye masafa ya 5 GHz, na laptopu ya zamani ina kadi inayosikia 2.4 GHz peke yake. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, chagua 2.4 GHz, na jina litajitokeza. Ile ya pili mara nyingine husababishwa na tarehe. Betri ndogo ya ubao mkuu ikifa, tarehe ya laptopu iliyozimwa hurudi miaka kadhaa nyuma, na tovuti zenye ulinzi kama za benki na serikali hukataa kufunguka. Rekebisha tarehe kwanza.

Ili kujua una ugonjwa upi, iulize mashine yenyewe. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika netsh wlan show drivers, kisha Enter. Jibu likiwa kwamba huduma ya wlansvc haiendeshwi, kadi haina kosa. Ni huduma ya Windows iliyosimama. Shika tena Windows na R, andika services.msc, tafuta WLAN AutoConfig, ifungue, iweke kwenye Automatic na ubonyeze Start. Jibu likiwa orodha ndefu yenye jina la kadi na tarehe ya draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuzungumza nayo, kadi inaonekana. Lakini ukisoma “There is no wireless interface on the system”, hapo ndipo makala haya yanapokuhusu hasa: Windows haina kadi ya waifai ya kutumia.

Kabla ya kwenda mbali, angalia swichi. Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu zilitumika ofisini ng'ambo kabla ya kuja huku, zile tunazoziita ex-UK, na mashine za ofisi za zamani zilikuwa na swichi halisi ya redio. ThinkPad T420 na T430 inayo ubavuni, na Dell Latitude E6420 vilevile. Ni kidude cha kuteleza ambacho kinaweza kusogezwa na mkoba tu. HP nyingi zina kitufe chenye taa ndogo kwenye safu ya F, mara nyingi F12, au juu ya kibodi kwa zile za zamani. Taa ikiwa nyeupe au bluu, redio imewaka; ikiwa rangi ya chungwa, imezimwa. Katika baadhi ya mashine redio ikizimwa hivi, kadi huondoka kabisa kwenye macho ya Windows.

Kisha zima mashine kweli. Nasema kweli kwa sababu Windows 10 na 11 zikizimwa kwa njia ya kawaida, huhifadhi sehemu ya hali yake ili ziwake haraka siku ya pili, na kadi iliyokwama inaweza kurudi ikiwa imekwama vilevile. Chomoa chaja. Shikilia Shift huku ukibonyeza Shut down. Mashine ikizimika, toa betri kama inatoka. Kama imo ndani, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi bila kuachia. Umeme uliobaki kwenye ubao utaisha, na kadi itaanza upya kama ilivyo siku ya kwanza. Ni dawa isiyogharimu hata senti, na kwa kadi za Intel zinazopotea ghafla bila mtu kugusa chochote, ndiyo ninayoitegemea kuliko zote.

Ikishindikana, fungua Device Manager: bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, utaliona jina hilo. Hapa pana habari nyingi, kwa hiyo usiwe na haraka. Fungua tawi la Network adapters. Ukiona kadi ina mshale mdogo unaoelekea chini, imezimwa tu. Bonyeza kitufe cha kulia juu yake, chagua Enable device. Ikiwa na pembetatu ya njano, ifungue usome namba ya kosa. Kosa 28 maana yake haina draiva. Kosa 10 na 43 maana yake kadi ipo lakini imegoma kuanza, au imeripoti hitilafu na Windows ikaisimamisha. Rudia ile dawa ya kutoa umeme, kisha weka draiva upya. Kama haimo kabisa kwenye tawi hilo, nenda kwenye menyu ya View, chagua Show hidden devices, kisha chungulia Other devices. Ukikuta kitu kinaitwa Network Controller chenye pembetatu ya njano, shukuru. Mara nyingi hiyo ndiyo kadi yako: iko hai, Windows inaihisi, ila haijui kuzungumza nayo.

Hali hii hutokea zaidi baada ya mtu kuweka Windows upya. Tangu Microsoft ilipositisha huduma za Windows 10 Oktoba 14, 2025, wengi wamekuwa wakihamia Windows 11, wengine kwenye mashine ambazo Microsoft yenyewe haikuzikubali, na draiva hubaki njiani. Windows 11 ina adha yake: wakati wa kuanza kutumika hudai intaneti, na bila draiva ya waifai unakwama kwenye ukurasa huo.

Dawa yake iko mfukoni mwako. Chukua simu ya Android na kebo yake ya kuchajia, hakikisha ni kebo inayopitisha data, iunganishe na laptopu, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu washa USB tethering. Kwa kawaida Windows huipokea bila kuomba draiva, na laptopu inapata intaneti. Lakini kabla hujafanya lolote jingine, linda bando lako. Windows huichukulia simu iliyounganishwa kwa kebo kuwa waya wa Ethernet usio na kikomo, na inaweza kuanza mara moja kuvuta masasisho ya gigabaiti nzima. Fungua mipangilio ya mtandao huo na uwashe Metered connection. Nalisisitiza kwa sababu bando la wiki linaweza kuisha kabla hujaipata draiva ya makumi machache ya megabaiti.

Ukitaka kubana matumizi zaidi, pakua draiva kwa simu yenyewe, kisha hamisha faili kwa kebo au flashi. Ili ujue draiva ipi, bonyeza kitufe cha kulia juu ya ile Network Controller, chagua Properties, kisha Details, na kwenye orodha chagua Hardware Ids. Utaona mstari wenye herufi VEN na namba baada yake. VEN_8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 168C ni Atheros ambayo sasa ni Qualcomm, 14E4 ni Broadcom, 14C3 ni MediaTek. Namba ya DEV inayofuata ndiyo kadi yenyewe. Piga picha ukurasa huo. Kisha ingia tovuti ya aliyetengeneza laptopu: Dell itakuomba Service Tag, herufi na namba saba zilizobandikwa chini ya mashine, HP na Lenovo zitaomba namba ya mfululizo. Kaa mbali na zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mpigo. Nyingi hudai malipo mwishoni au huingiza takataka kwenye mashine, na draiva ya kweli hutolewa bure na mtengenezaji.

Kuna kipimo kingine ambacho watu wengi hawakijui, nacho ni Bluetooth. Katika laptopu nyingi waifai na Bluetooth hukaa kwenye kadi moja, ila kila kimoja huongea na kompyuta kwa njia yake. Bluetooth ikiwa inafanya kazi na waifai haipo, ujue kadi imekaa mahali pake na inapata umeme. Elekeza nguvu kwenye draiva na mipangilio. Vyote viwili vikipotea siku moja, shuku mambo mawili: vimezimwa kwenye BIOS, au kadi imelegea au imekufa.

BIOS ndiyo mipangilio inayosomwa kabla Windows haijaamka. Kwenye HP utaingia kwa kubonyeza F10 mashine inapowaka, kwenye Dell F2, kwenye ThinkPad F1, na kwa Acer na ASUS mara nyingi F2. Tafuta maneno Wireless au WLAN. ThinkPad huyaficha chini ya Security, kwenye I/O Port Access. Dell ina ukurasa wake unaoitwa Wireless. HP za ofisini zina jambo la kuangaliwa kwa makini, LAN/WLAN Auto Switching: likiwashwa, waifai huzimwa kila waya wa mtandao unapochomekwa, na mtu aliyezoea waya ofisini hufikiri kadi imekufa. Ofisi iliyoimiliki mashine hapo awali huenda ilizima waifai kwa usalama wake, ikaiuza hivyo hivyo. Mbaya zaidi, huenda iliifunga BIOS kwa nywila. Kwa hiyo ukinunua ex-UK, iwe Isiolo, Meru au Nairobi, iwashe mbele ya muuzaji, ingia BIOS, na ujiunge na hotspoti ya simu yako kabla ya kutoa pesa. Muuzaji mwema hatakataa. Na ukishauriwa kusasisha BIOS, fanya hivyo betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa kwenye umeme usiokatikakatika. Umeme ukipotea katikati, laptopu nzima inaweza isiamke tena.

Kabla ya kufungua mashine, kipimo cha mwisho ni Ubuntu ya flashi. Ni mfumo endeshi wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows wala faili zako, mradi uchague Try na usichague Install. Faili lake ni la gigabaiti kadhaa, kwa hiyo usilipakue kwa bando. Siku mtu wa nyumbani anapokwenda Maua au Isiolo, mwombe apitie saiba yenye intaneti ya kasi utengenezewe. Shule na ofisi za wadi zingefaa kuwa na flashi moja ya namna hiyo kabatini. Waifai ikifanya kazi ndani ya Ubuntu, kadi ni nzima na ubishi umekwisha: kosa ni la Windows. Isipofanya kazi, fungua Terminal uandike lspci. Kadi ya waifai, mara nyingi kwa jina Network controller, isipotajwa popote kwenye orodha, kadi imelegea, imekufa, au bado imezimwa na BIOS. Ikitajwa, usikimbilie hukumu ya kifo kwa laptopu ya Broadcom, kwani baadhi ya kadi hizo zinatajwa na lspci lakini hazifanyi kazi hadi ziongezewe draiva yake.

Sasa tuifungue. Kwanza hakikisha kadi inatoka, maana katika baadhi ya laptopu nyembamba imelehemiwa kwenye ubao. Zima, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na kabla ya kugusa kitu kingine chomoa waya wa betri kwenye ubao. Gusa chuma kitupu ili mwili wako uache umeme tuli. Hewa kavu ya kiangazi huku kwetu huuzidisha. Kadi ya waifai ni kipande kidogo cha kijani au cheusi chenye skrubu moja na nyaya mbili nyembamba, kwa kawaida nyeusi na nyeupe. Nyaya hizo ni antena. Zikichomoka, waifai hudhoofika sana lakini kadi bado huonekana. Kwa hiyo mtu akikuambia kadi imepotea kwa sababu ya antena, hajaielewa kadi. Nyanyua vichwa vya nyaya kwa ukucha taratibu, usivute waya wenyewe. Fungua skrubu, kadi itainuka upande mmoja, itoe. Futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa safi chenye spiriti, ikauke, irudishe kwa mshazari hadi izame yote, kisha ikaze skrubu. Laptopu iliyowahi kufunguliwa ili kuongezewa RAM au SSD hurudishwa mara nyingine bila skrubu hiyo, na mitetemo ya gari kwenye barabara ya vumbi humaliza kazi iliyobaki.

Ikiwa kadi imekufa kweli, kununua nyingine kunahitaji uangalifu, na hapa watu hupoteza pesa bure. Laptopu za hadi mwaka 2013 hivi hutumia kadi fupi ya mini PCIe. Za baadaye hutumia M.2 ya milimita 22 kwa 30. Haziingiliani. Pili, ThinkPad na HP nyingi za zama za mini PCIe hukubali kadi zilizoidhinishwa na mtengenezaji tu. Weka kadi ngeni, na HP itasimama ikitoa ujumbe wa 104, ThinkPad itatoa 1802, zote zikikataa kuendelea hadi uitoe. Tatu, kuna kadi za Intel ambazo nusu ya kazi yake hufanywa na prosesa ya laptopu: 9560, AX201 na AX211. Hizo hufanya kazi tu kwenye mashine za Intel zilizoundwa kwa ajili yake. Ziweke kwenye laptopu ya AMD au ya Intel ya zamani, nazo hazitaonekana hata kidogo. Zinazoingia kwenye mashine nyingi za M.2 ni 9260, AX200 na AX210. Tofauti ni tarakimu moja au mbili, kwa hiyo andika namba ya kadi ya zamani kutoka kwenye kibandiko chake, na mwambie muuzaji akuonyeshe kibandiko cha mpya kabla hujalipa.

Kwa wengi ningeshauri adapta ndogo ya USB, ile inayochomekwa ubavuni. Ni ya bei ndogo, haihitaji kufungua chochote, na laptopu ikifa utaihamishia nyingine. Epuka inayokuja na draiva kwenye CD peke yake, kwa kuwa laptopu nyingi za sasa hazina mahali pa kuweka CD. Na hata kabla ya kuinunua, kumbuka kwamba simu nyingi za Android zikiunganishwa kwa kebo hupitisha pia waifai ambayo simu yenyewe imejiunga nayo. Shule au ofisi ikiwa na Starlink, ambayo ilianza kuuzwa Kenya mwaka 2023, simu yako inajiunga na waifai hiyo, kebo inaileta kwenye laptopu, na bando halitumiki. Mwalimu anaweza kumaliza muhula mzima hivyo, akasubiri siku atakayokuwa na safari nyingine ya Isiolo.

Siku hiyo ikifika, nakili kazi zako zote kwenye flashi na uiache nyumbani. Beba karatasi yenye modeli ya laptopu, zile namba za VEN na DEV, namba ya kosa uliyosoma, habari kama Bluetooth ipo au haipo, na jibu la Ubuntu. Mpe fundi karatasi hiyo kabla ya kumpa mashine. Akiisoma na kukuuliza maswali, mwachie kazi. Akiiweka kando na kusema dawa ni kuweka Windows upya, chukua laptopu yako utafute fundi mwingine.